Namna ya kupata kikao cha watu wanaoacha pombe, ukiwa Dar au popote pasipo na kibao

Hiki kitu hakina kibao. Naanza na hilo maana ndo lilinisumbua miezi mizima. Bar ina kibao, grosari ina kibao na spika nje, mganga wa kienyeji kabandika karatasi kwenye nguzo ya umeme na namba zake mbili, ila kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe hulikuti limeandikwa getini. Wamejificha makusudi, kwa sababu mtu anayeingia pale hataki shemeji yake aliyeko kwenye daladala amuone. Yaani unatafuta kitu kilichojificha kwa ajili yako wewe mwenyewe, na ukishalielewa hilo hutakasirika sana ukikikosa siku ya kwanza.

Mimi ni fundi friji, nipo Dar, kwetu Tanga. Nimekunywa miaka 14, nilianza na bia za harusini nikaishia kwenye viroba, na viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 mke wangu alifurahi akajua ndo mwisho, kumbe mimi nilihamia kwenye chupa ndogo na siku za ukata gongo. Sa hivi nina miaka mitatu na miezi kadhaa sijaonja. Mi sio daktari, naandika kama mtu aliyezunguka akitafuta mlango, na njia nitakayoeleza ni ile ambayo ningependa mtu angenieleza mimi.

1. Mwili kwanza

Kama unakunywa wikiendi tu ruka hapa. Lakini kama asubuhi huwezi kushika kikombe cha chai mpaka uzimue, mkono unacheza mpaka upate kidogo ndo unatulia, basi usiache ghafla peke yako chumbani kwa kutaka kuonyesha uanaume. Wengi tunajua arosto ya unga, yale mateso ya mwili mtu akikosa heroini, tunadhani pombe haina arosto. Ya pombe ndo inayoua. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu vinaanza masaa 6 mpaka 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege linaweza kukuangusha ndani ya siku mbili za mwanzo hata kama hujawahi kuwa na kifafa maishani, na kati ya siku ya pili na ya nne kuna wanaochanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu wanatembea ukutani, wanaongea na watu ambao hawapo. Huku kwetu mtu akifika hapo wanasema karogwa, wanampakia bajaji kwenda kwa mtaalamu, na dakika zinapotea.

Nenda hospitali, na ukifika sema kweli: nakunywa kiasi hiki kwa siku, mara ya mwisho jana saa fulani, nataka kuacha. Usiseme "kidogo kidogo" kama tunavyosemaga. Huwa wanatoa dawa za kutuliza ambazo kipimo kinapungua siku hadi siku, na vitamini B1 maana pombe huwa imeshaimaliza mwilini. Hizo dawa za kutuliza usijinunulie mwenyewe duka la dawa, ukizichanganya na pombe zinaweza kukukata pumzi usingizini.

Na usitoke hospitali mikono mitupu. Kabla hujaondoka muulize nesi wa kliniki ya afya ya akili kama anajua kikao cha watu wanaoacha pombe. Namba yangu ya kwanza niliipata hivyo, imeandikwa kwa peni nyuma ya karatasi ya dawa, bila jina, namba tu na neno "AA".

2. Jua unaulizia nini

Hapa watu wanachanganya mambo wanaishia kulipa hela ambayo hawakutakiwa kulipa. Kuna sober house, nyumba unayoenda kulala na kukaa miezi, ile mara nyingi inalipiwa. Kuna mshauri nasaha, mnakaa wawili, mara nyingi analipwa. Alafu kuna hiki ninachoongelea, kikao cha walevi kwa walevi, unaenda, mnakaa lisaa limoja au moja na nusu, unarudi kwako. Hiki ni bure. Kikapu kinapita cha chai na kodi ya ukumbi, mgeni anakipitisha tu kwa jirani yake na hakuna anayemtazama. Ukiambiwa kuna kiingilio, au fomu ya kununua, jua hapo si AA hata kama wamejiita hivyo.

AA ni Alcoholics Anonymous, hao ni wa pombe. NA ni Narcotics Anonymous, hao ni wa madawa yote, na wao pombe wanaihesabu kama dawa mojawapo kwa hiyo mlevi wa bia tu anaruhusiwa kuingia kabisa, na usidharau mlango huu maana huku kwetu kuna sehemu, Zanzibar mfano, ambako waliotoka kwenye unga na sober house zao ndo wamejenga mtandao wa nguvu, unaweza ukapata NA kabla hujapata AA. Al-Anon ni ya mke, mume, mzazi au mtoto wa mlevi, ilianza 1951. Mama anayesoma hapa kwa ajili ya mwanae, Al-Anon ni yako wewe, kijana anaweza akakataa kwenda kwake na wewe ukaenda kwako.

Sharti la kuingia AA ni moja tu, uwe na nia ya kuacha kunywa. Hata uwe umeacha jana, hata uwe hujaacha bado.

3. Milango ya kugonga

Niliigonga ovyo ovyo. Nakupangia.

Anza na simu mkononi. Saiti ya aa.org ina sehemu ya kutafuta kwa nchi, unaona mawasiliano ya nchi yako au jirani. Kuna na programu ya bure inaitwa Meeting Guide, alama yake ni kiti cheupe kwenye bluu, unaiwasha inakuonyesha vikao vilivyo karibu na ulipo. Onyo: ile programu inategemea watu wa eneo husika kupeleka taarifa zao, kwa hiyo Marekani inajaa kama nyota, ukiwa Mbagala inaweza ikakuonyesha ramani tupu na ukadhani dunia nzima hamna mtu kama wewe. Ramani kuwa tupu maana yake ni kwamba hakuna aliyejaza, basi. Nairobi vikao ni vingi kuliko Dar, na Mkenya ana namba nyingine rahisi zaidi, 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na madawa, bure, usiku na mchana, wanaongea na wewe na wanakuelekeza. Tanzania kuna 119 ya mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, nayo bure, kazi yao kubwa ni unga na bangi na mirungi lakini uliza hivi, "naomba mnielekeze sober house au kikundi cha kuacha ulevi mkoa huu." Ona hizo namba zinatofautiana tarakimu moja tu, usizichanganye ukavuka mpaka.

Mlango wa pili ni sober house yenyewe, hata kama huna mpango wa kulala pale. Nenda au piga, uliza vikao vyao vya jioni kama mtu wa nje anaruhusiwa. Wengi wanaruhusu, na hata wasiporuhusu yule mtu wa mapokezi mara nyingi mwenyewe ni mraibu aliyeacha, anajua kila kona ya mji. Usiongee nae kwa kuzunguka. Mwambie mimi nakunywa, naomba pa kwenda.

Wa tatu kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Ukiwa Dodoma Mirembe ipo, Nairobi Mathari ipo barabara ya Thika. Najua majina haya yanatisha, sie tunayatumia kutukanana. Unaenda kuuliza tu, hakuna atakayekufunga kamba.

Wa nne ofisi ya kanisa. Sasa hapa nikae kidogo maana mimi ni Muislamu na nilichelewa karibu mwaka mzima kwa sababu ya huu mlango. Hawa AA hawana majengo, wanapanga au wanaazima, na mtu mwenye ukumbi mtupu siku za kazi jioni ni nani kama si parokia. Basi mtu wa Tanga mzima na kofia yangu nitaingiaje pale? Na kwetu mlevi anajificha mara mbili, anaificha pombe alafu anaificha na aibu ya kutafuta msaada maana kuomba msaada ni kukiri. Kilichonitoa ni stori ya hawa watu walivyoanza. Mwaka 1935 yule Bill Wilson, dalali wa hisa wa New York, alikuwa mji wa Akron kule Ohio kwa dili ambalo lilikufa, miezi mitano tu toka aache, amesimama kwenye ukumbi wa chini wa hoteli, upande mmoja anasikia watu wanacheka bar na upande mwingine kuna simu na orodha ya makanisa. Akaenda kwenye simu. Akampigia mchungaji asiyemjua, akapewa majina, akayapigia moja moja mpaka mmoja akamuunganisha na daktari wa upasuaji mlevi kama yeye, Bob Smith. Daktari alisema atampa dakika 15, wakakaa masaa kama sita. Kwa hiyo kikao cha kwanza kabisa duniani kilipatikana kwa mtu kupiga simu kanisani na kuuliza, na mimi nikasema kama mwanzilishi alipiga mimi nani nisipige. Nilipofika hakuna aliyeniuliza dini. Ile dua fupi ya kuomba utulivu wanayosoma mwisho mi nilikaa kimya mara ya kwanza, mara ya pili nikasoma yangu moyoni, na wenyewe wanasema Mungu kama kila mtu anavyomuelewa. Kama roho bado inagoma kuna kundi linaitwa Millati Islami, lilianzia Baltimore 1989, wamezichukua zile hatua 12 za AA, ambazo mtu anazifuata moja moja ili akae bila pombe, wakaziweka kwa njia ya Kiislamu, watafute mtandaoni.

Msikitini? Uliza pia. Imamu wangu hakujua kikao lakini alijua kijana aliyeacha, na kijana alijua kikao.

4. Piga simu, na uliza maswali ya kijinga

Usiende kwa kutegemea tangazo. Tangazo linaishi miaka baada ya kikao kufa. Tuma ujumbe kwanza, watu wana kazi zao hawapokei namba ngeni mchana, andika tu hivi: "Habari, nimepewa namba hii kuhusu kikao cha AA, mimi ni mgeni, naomba kujua kama kikao bado kipo, siku gani, saa ngapi na naingilia geti lipi." Usipopata jibu mpaka usiku piga kuanzia saa 1 mpaka saa 3, wameshatoka kwenye foleni. Usibipu. Najua vocha hamna lakini ukibipu yule hajui wewe ni nani na yeye anaficha namba yake kama wewe unavyoficha yako.

Uliza saa kwa makini. Matangazo mengi yanaandikwa kizungu, 6:30, na mtu wetu anasoma saa sita na nusu. Tuna mwenzetu mmoja alifika mchana wa jua kali akakaa na wanakwaya lisaa zima anawasikiliza wanafanya mazoezi, anashangaa mbona wagonjwa wana sauti nzuri hivi. Sema "saa kumi na mbili na nusu jioni, sio?" mpaka mtu ajibu ndio.

Uliza lugha. Vikao vingine vinaendeshwa kwa kiingereza kwa sababu vilianzishwa na wageni, kama hujiwezi uliza kama unaruhusiwa kuongea kiswahili, jibu karibu kila mara ni ndio. Uliza pia kama ni kikao cha wazi au cha ndani. Cha wazi unaweza kuja na mke wako au rafiki akusindikize, cha ndani ni cha wenye tatizo tu.

Na thibitisha siku hiyo hiyo, sio wiki iliyopita. Hili nimelilipia. Alhamisi moja nilifunga kazi mapema, nikaoga, nikavaa shati la misibani maana ndo lilikuwa safi, nikapanda daladala mbili mpaka ukumbi ambao tangazo lilisema. Geti limefungwa. Mlinzi kakaa kwenye ndoo anasikiliza mpira redioni. Namuuliza kwa kuzunguka, kuna kikao leo? Anasema cha kwaya? Nasema hapana, kile kingine. Kipi? Kile cha... wale watu. Akanitazama muda, akapunguza redio, akasema aah, wale wa chai, wale walihamia Jumamosi toka mwaka jana. Hakusema kwa ubaya. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na grosari, taa ya kijani, viti vya plastiki vyekundu, jamaa wawili wanagombania mpira ule ule wa mlinzi. Sitawadanganya, nilivuka barabara, na nikarudi nyumbani siku ya pili yake saa 4 asubuhi bila simu.

Kwa hiyo kabla hujatoka uwe na mpango wa pili mfukoni. Namba ya mtu mmoja utakayempigia ukikuta geti limefungwa, au saa ya kikao cha mtandaoni utakachoingia ukiwa ndani ya daladala ya kurudi. Na angalia kwenye ramani pana nini pembeni ya ukumbi, kama kuna sehemu yako ya zamani shukia kituo cha mbele urudi kwa mguu.

5. Siku yenyewe

Kula kwanza. Mtu akiwa na njaa na hasira mwili unatafsiri kama kiu ya pombe, mimi ilinichukua muda mrefu kujua kwamba nusu ya hamu zangu za saa 11 jioni zilikuwa njaa.

Fika dakika kumi kabla. Ukifika umechelewa unajipa sababu ya kutoingia, "nisije nikawakatiza," najua huo wimbo. Ukifika mapema unamkuta mtu anapanga viti, msaidie kubeba viti viwili na hapo umeshaingia bila kujua.

Umekunywa siku hiyo? Nenda hivyo hivyo kama huna fujo. Kaa nyuma, sikiliza, usiongee sana. Ila usiendeshe.

Ukiogopa kuonekana, kumbuka yeyote utakayemkuta ndani naye umemkuta. Mimi nilimkuta mteja wangu, friji yake ilikuwa kwangu wiki ya tatu hiyo sijaigusa. Tulitazamana. Akasema karibu fundi, akanimiminia chai ya tangawizi, na friji hakuitaja mpaka kikao kikaisha.

6. Ukishaingia

Kuna mwenyekiti wa siku hiyo, anasoma kidogo, zile hatua na utaratibu, alafu watu wanaongea mmoja mmoja. Wanajitambulisha jina moja tu, naitwa fulani mimi ni mlevi, na wote wanamsalimia. Wewe si lazima useme hilo neno. Sema naitwa fulani, leo nasikiliza, inatosha. Hakuna anayekukatiza na hakuna anayekujibu, hiki ndo kitu kilichonishangaza zaidi, sie tumezoea ukisema tatizo watu watano wanakupa ushauri papo hapo, pale unaongea, unamaliza, wanasema asante, anaongea mwingine ya kwake.

Siku yangu ya kwanza tulikuwa wanne. Nilitegemea ukumbi umejaa kama kwenye sinema za wazungu. Mama mmoja wa makamo, kijana wa boda, mteja wangu, na mimi. Yule mama aliongea jinsi alivyokuwa anaficha chupa kwenye debe la unga, na alivyokuwa anapika ugali mkono unapapasa chini ya unga, na wanae wanacheka mama leo unasonga kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa naficha kwenye boksi la gesi ya friji. Sikusema kitu siku ile lakini kitu fulani kifuani kililegea.

Mwisho omba namba, usisubiri upewe. Omba mbili tatu, maana moja itakuwa haipatikani siku utakayoihitaji. Zijaribu kesho yake ukiwa mzima, msalimie tu, ili siku ya balaa usione aibu kupiga.

Baada ya wiki kadhaa utasikia habari ya sponsa, mtu aliyetangulia anayekushika mkono kwenye zile hatua. Mwanaume amchukue mwanaume, mwanamke amchukue mwanamke, na hili naliandika kwa herufi nene kichwani mwangu kwa ajili ya dada zetu: kwenye vikao kuna watu wazuri na kuna mafisi pia, mtu ana miaka kumi hajanywa na bado ni fisi. Akikwambia njoo kwangu tuongee vizuri, usiende, mwambie tuongelee hapa hapa kwenye chai. Dada unayeogopa kuingia ukumbi wa wanaume watupu, mtandaoni kuna vikao vya wanawake peke yao, anzia huko, au nenda na mtu kwenye kikao cha wazi.

Usipopapenda, nenda tena. Kila kikao kina tabia yake, kingine kimejaa wazee wa kuhubiri, kingine ni kucheka tu. Jaribu hata mara tano au sita kabla hujasema hii kitu si yangu.

7. Vya mtandaoni, na hesabu ya masaa

Saiti ya aa-intergroup.org ina orodha ya vikao vya mtandaoni, vipo karibu kila saa, vingi Zoom. Kabla hujaingia badili jina, maana Zoom inaonyesha jina la akaunti yako na wengine wameweka jina la ofisi. Weka jina moja tu. Zima kamera, bando litadumu na uso wako utabaki wako. Vaa earphone kama chumba ni kimoja na watoto wamelala.

Sisi Afrika Mashariki tupo masaa 3 mbele ya saa ya dunia. Kikao cha Afrika Kusini cha saa 1 jioni kwao kwetu ni saa 2 usiku, hivi ndo vinatufaa zaidi. Cha London cha saa 6 mchana kwetu ni saa 8 wakati wao wa kiangazi na saa 9 wakati wa baridi. Cha New York cha saa 1 usiku kwetu ni saa 8 au saa 9 usiku wa manane, na mwanzoni nilikuwa nakiona hakina maana, saa 9 usiku nani anaamka? Mlevi wa siku ya nne anaamka. Yuko macho anatazama dari. Kile kikao kiliniokoa usiku mwingi, wazee wa New York na lafudhi zao, naelewa nusu, ila wanacheka sehemu zile zile ambazo na mimi ningecheka.

8. Na kama hamna kabisa

Upo Songea, upo Kigoma, umegonga milango yote, wamesema hamna. AA wana msimamo wao wa zamani kwamba walevi wawili au watatu wakikusanyika kwa ajili ya kukaa bila pombe wanaweza kujiita kundi, ilimradi kama kundi wasifungamane na taasisi nyingine yoyote. Wawili tu. Huhitaji usajili, huhitaji katiba na mhuri na mweka hazina kama vikoba. Unahitaji siku moja isiyobadilika, sehemu isiyouza pombe, birika, na mtu mwingine mmoja. Huyo mmoja unampata wapi, rudi kliniki, mwachie nesi namba yako, mwambie akitokea mtu mpe. Mwachie na padri, mwachie na imamu. Alafu kaa pale siku uliyosema hata kama uko peke yako, mimi Jumamosi nne mfululizo nilikaa na yule mama tu, kijana wa boda alikuwa amerudi mtungini, tunakunywa chai tunasoma tunafunga. Ya tano walikuja watatu.

Siku hizi ufunguo wa ukumbi nakaa nao mimi. Jumamosi nafika saa 11 na nusu naweka maji jikoni. Na mlinzi wa lile geti la zamani nilimfuata, nikampa namba yangu imeandikwa nyuma ya kadi ya ufundi friji, nikamwambia akija mtu jioni anazunguka zunguka hapa anauliza kikao ambacho hawezi kukitaja, usimwambie tumehama tu, mpigie huyu. Ameshanipigia mara tatu.